Mwaridi wa Mlangoni kwa Mama Mangwe

Sogeeni, nanyi wa nyuma nyamazeni kidogo. Kisa hiki kinanikera miaka yote, basi leo kitukere sote.

Huko milima ya Usambara alikuwepo mjane, Mama Mangwe, na wanawe watatu. Yonazi, mkubwa, alikuwa hodari wa kisu. Miaka ishirini alipogoa chai shambani. Luiza alikuwa na mkono wa kupanda, akichomeka kijiti kinashika. Natanaeli, kitinda mimba, msomi, aliishi Tanga mjini.

Mlangoni kwa mama palikuwa na mwaridi wa zamani. Marehemu mumewe, mtunza bustani wa misheni, alichukua kijiti cha mwaridi uliotambaa ukutani kwa misheni siku ya harusi yao, akakichomeka hapo, nao ukatambaa hadi ukafunika paa la baraza. Miiba michache, maua madogo meupe, mashada kwa mashada. Ulichanua mara moja tu kwa mwaka, baridi ikiisha. Wiki tatu, basi. Lakini wiki hizo hata mpita njia alisimama.

Mama alipopofuka, harufu ile ndiyo iliyomwambia kwamba mwaka umegeuka. Kisha mwaka mmoja haikuja. Wa pili pia haikuja. Akawaita wanawe mbele ya mzee wa kanisa.

"Atakayenifanya nisikie tena harufu ya waridi langu kabla sijafa, nyumba hii ni yake."

Sasa sikilizeni. Yonazi alikuwa amestaafu, na kila msimu wa baridi aliukata mwaridi ule hadi magotini, kama chai. Aliposikia ahadi ya mama akaukata zaidi. Ulipokosa maua tena, akasema umezeeka, akaung'oa. Mama hakuambiwa.

Luiza alikuwa na mtoto wa mwaridi huo, kijiti alichokatiwa siku alipoolewa ng'ambo ya bonde. Nao ulikuwa umeacha kuchanua, maana kaka yake alipita huko pia na kisu chake. Mumewe akaleta jembe aung'oe. Luiza akasimama mbele yake.

"Ukiung'oa huu, ning'oe na mimi!"

Natanaeli naye alikuwa na daftari la baba. Siku moja akalifungua, akasoma: "Huu huchanua kwenye tawi la mwaka jana. Ukilikata, umekata maua." Akapanda basi saa ileile. Alimkuta Yonazi uani kwa Luiza, ananoa.

"Kaka, weka kisu chini. Ni wewe unayekata maua."

Yonazi akakiweka chini, akaketi.

Mwaka uliofuata mwaridi wa Luiza ukachanua. Wakampelekea mama shada, likafika limenyauka, halinuki. Mama alikuwa hawezi kutembea, na barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko ya udongo. Yonazi akamfunga mgongoni kwa kanga, akashuka bonde, akapanda upande wa pili hadi kwa Luiza.

Mama akainua uso. "Ndilo," akasema, akalia. Kisha akauliza, "Na la mlangoni kwangu litachanua lini?"

Wote watatu walijua. Wote wakanyamaza. Siku ya nne akafa, bila kutaja jina la mtu.

Matanga hayajaisha, wakakunjana kwa ajili ya nyumba.

"Bila mwaridi wangu angenusa nini?" alisema Luiza.

"Bila daftari langu mwaridi wako ungekuwa kuni," alisema Natanaeli.

"Na nani alimbeba?" aliuliza Yonazi.

Mzee wa kanisa akawatazama mmoja mmoja. "Yonazi, nani aliung'oa ule wa mama? Natanaeli, daftari lilikaa sandukuni miaka mingapi? Na wewe Luiza, uliyeliona shimo pale mlangoni, ulimwambia?"

Mzee akafunga nyumba kwa kufuli, akaenda zake na ufunguo.

Shimo lile lipo mlangoni mpaka leo. Mwaridi ule hushika kwa kijiti kimoja tu, na kwa Luiza vijiti vimejaa. Hakuna aliyeleta hata kimoja. Wanangoja kwanza ijulikane nyumba ni ya nani.

Haya, ufunguo ungekuwa mkononi mwako wewe, ungempa nani?