Dhiraa Moja Isiyopakwa Chokaa

Paukwa!

Pakawa!

Nyamazeni basi. Na wewe unayetafuna, meza kwanza.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha Wayahudi, mbali sana na Yerusalemu, mji wao mtakatifu uliobomolewa. Mila yao ilikuwa hii: kila ajengaye nyumba huacha dhiraa moja ya ukuta bila chokaa, mkabala na mlango. Akiingia, aone. Akiona, akumbuke kwamba Hekalu limekuwa kifusi.

Kijijini humo aliishi Mzee Hemani, wa ukoo wa waimbaji wa Hekalu. Wimbo wa kuuomboleza mji ule mtakatifu aliujua yeye tu, na bila wimbo huo ndoa haifungwi. Naye huuimba akiielekea dhiraa ile.

Ijumaa moja, tajiri Zabudi akawa anamwoza bintiye, Tirza. Nyumba mpya, nyeupe pe pe pe! Ukutani katundika pazia la hariri, limetariziwa kwa uzi wa dhahabu: HATUTAKUSAHAU.

"Imba, mzee wangu," akasema Zabudi. "Jua likizama Sabato inaingia, na Sabato haina harusi."

"Dhiraa iko wapi?"

"Nyuma ya pazia. Wageni wangu watu wakubwa, waje waone udongo?"

"Haya."

Mzee Hemani akajifunika mdomo kwa shuka yake, akaimba. Mmm! Mmm! Mmm!

"Hatusikii!" wakalalamika wageni.

"Nimeufunika," akajibu mzee. "Ninyi watu wakubwa, msije mkasikia huzuni."

Jua linashuka. Mmm! Mmm! Bwana harusi anatazama dirisha. Tirza machozi yanamlengalenga. Zabudi jasho linamtoka, lakini pazia haligusi ng'o.

Tirza akainuka, akalivuta. Pwaa!

Lo! Udongo hakuna. Chokaa tupu, tena pale ndipo palipong'aa kuliko nyumba nzima!

"Fundi alipitiwa," akasema Zabudi.

"Na aliyetarizi pazia, baba, naye alipitiwa?"

Tirza akatwaa kisu cha mkate. Kwaru! Kwaru! Chokaa ikamwagikia nguo yake ya harusi, udongo ukatokeza. Mzee Hemani akaondoa shuka mdomoni, akauimba wimbo wote. Ndoa ikafungwa jua likigusa vilima. Wageni walilia. Zabudi alilia kuwashinda wote, nami sijui aliulilia mji au ukuta wake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami naongeza: afichaye msiba wake hawezi kuuimba.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye kucheka acheke, ila asimcheke Zabudi peke yake.