Swali la Jumamosi Mlangoni

Bawabu naye hupita mlangoni. Mmelisikia neno hilo leo kanisani, wajukuu zangu, nanyi mmeniuliza lilitoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Katika usharika wetu wa milimani Upareni ilikuwapo sheria iliyojulikana hata kwa watoto: mwenye ugomvi na mwenzake haikaribii Meza ya Bwana mpaka wapatane. Kwa hiyo kila Jumamosi ya kuamkia Ushirika, washiriki walijipanga mlangoni pa kanisa, na mzee wa kanisa, Elinaami Mgonja, alimwuliza kila mmoja, “Una neno na mtu?” Aliyejibu “ninalo” alirudishwa. Elinaami hakumwonea haya mtu. Hata kaka yake alimrudisha.

Mwaka mmoja wa kiangazi, maji ya ndiva, yaani bwawa letu la mfereji, yaligawanywa kwa zamu. Jumanne ilikuwa zamu ya mjane Nakiete. Elinaami alijisemea kwamba shamba la mjane ni dogo, halitapungukiwa. Akayageuzia maji kwake Jumanne mbili mfululizo. Maharage ya Nakiete, chakula chake cha mwaka mzima, yakaanza kunyauka.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Nakiete akafika mlangoni.

“Una neno na mtu?”

“Ninalo, mzee.”

“Basi rudi. Nenda kwanza ukapatane naye.”

“Ndiyo nimefika kwake.”

Elinaami akasema kwa ukali, “Dada Nakiete, hapa mimi ndimi niulizaye. Siulizwi.”

“Bawabu naye hupita mlangoni, mzee. Au wewe utaingia kwa dirisha?”

“Dirisha lenyewe dogo,” akasema kaka yake Elinaami, naye yumo katika mstari, “na tumbo lile limenona kwa maji ya watu!”

Watu wakacheka. Elinaami hakucheka. Alivua kofia.

“Maji yako niliyachukua,” akasema. “Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Lakini maharage hayanywi msamaha.”

Mwinjilisti, aliyekuwa mkubwa wa usharika, akaitwa aamue. Akasema: aliyedhulumiwa, akiisha kusamehe, na aikaribie Meza, aliyedhulumu angoje mpaka arudishe alichotwaa. Zamu ya Elinaami ilikuwa Jumatatu, na Pasaka ilikuwa Jumapili, siku moja kabla. Basi siku ya Pasaka Nakiete alipokea mkate na kikombe, naye Elinaami aliketi benchi la nyuma pamoja na wale aliowarudisha yeye mwenyewe. Ushirika wetu siku hizo ulikuwa mara nne tu kwa mwaka.

Jumatatu aliyaelekeza maji yake shambani kwa mjane, na Jumatatu iliyofuata vilevile. Alisimama matopeni, jembe mkononi, asiondoke mpaka tuta la mwisho lilipokunywa. Mahindi yake mwenyewe yalikauka upande mmoja, wala hakulalamika.

Ushirika uliofuata alirudi kuuliza watu mlangoni. Lakini kabla ya kumwuliza yeyote, alimwendea mwinjilisti, akasimama mbele yake, akaulizwa.

Bawabu naye hupita mlangoni.