Jeneza la Mpingo

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, alikuwako seremala fukara aitwaye Vuai, mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Na mji huo ulitawaliwa na Sultani Mwinyimvua, aliyependa sheria kama wengine wapendavyo halua; kila apatapo wazo baada ya chakula, hulitia muhuri kabla halijapoa.

Siku moja Waziri Shomvi akamtia neno sikioni, kwamba mafundi wa mji ni wadanganyifu. Basi mbiu ikapigwa: "Kitu kilichofanywa kwa mikono hakitahukumiwa kuwa chema wala kibaya mpaka mwenyewe akitumie, kisha aje barazani akishuhudie kwa kinywa chake. Kikiwa na kasoro, fundi atachapwa bakora arobaini."

Ikawa balaa. Mtu hununua viatu akavivaa hadi vikatoboka, kisha huja kushitaki kuwa vimetoboka. Vuai mwenyewe alichapwa kwa ajili ya kitanda, maana mwenye kitanda, mume wa wake watatu, alidai hapati usingizi juu yake. Vuai akarudi nyumbani hawezi kukaa, akamwambia mkewe, Mize, "Mke wangu, kitanda ni changu, lakini wale wake watatu sikuwaranda mimi."

Haukupita muda akaitwa barazani. Sultani akasema, "Ewe Vuai, nataka jeneza langu mwenyewe. Sitabebwa katika lile la msikitini lililokwisha beba kila mchuuzi wa ngisi. Liwe la mpingo mtupu, lakini jepesi kama ungo, wala lisilie likibebwa. Nakupa siku saba. Likiwa na kasoro, kichwa chako ni changu."

Vuai akatoka akijipapasa shingo, maana mpingo ni mzito kama chuma, na asiyejua hilo ni yule tu ambaye hajapata kuubeba. Siku tatu hakugusa randa. Mize akamwuliza, "Bwana, unafikiri au unaomboleza?"

"Vyote viwili."

"Basi wewe fikiri. Kilio tuachie sisi, wakati wake ukifika."

Vuai akacheka, mara ya kwanza tangu bakora zile, akashika tezo.

Siku ya saba akaingia barazani, nyuma yake watu wanane wakitweta chini ya jeneza, na nyuma yao mwosha maiti, amechukua sanda, pamba na karafuu maiti.

Sultani akashtuka. "Mwosha huyu amefuata nini?"

"Ukaguzi, Sayidi. Sheria yako yataka mwenyewe akitumie kitu kwanza."

"Basi nitalala humo kidogo, nishuhudie."

"Kulala ni matumizi ya kitanda, Sayidi, na kwa kitanda nimekwisha chapwa. Jeneza hutumiwa na maiti. Ukimaliza kulitumia, rudi hapa utoe ushahidi, nami nitakungoja na shingo yangu."

Waziri Shomvi akainuka kwa hasira, akasema, "Huu ni utovu wa adabu! Nitalijaribu mimi kwa niaba ya Sultani!" Akajitosa ndani. Wale wanane wakamwinua, na mwosha, kwa mazoea ya kazi yake, akamfunika sanda. Hatua ya tatu jeneza likalia kwii! Waziri akaketi wima. "Linalia! Nimelisikia!"

Vuai akasema, "Sayidi, shahidi huyu hafai. Maiti anayesikia hajafa sawasawa. Je, tumsaidie?"

Waziri akaruka nje na sanda yake, akatokomea njiani, na wanawake waliokuwa wakitwanga wakatupa michi wakakimbia. Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka.

Kisha akauliza, "Lakini niambie kweli, mtu atajuaje kitu ni chema?"

Vuai akajibu, "Njoo kwangu, Sayidi, mbao zikiwa bado mbao. Kasoro huingia mchana kweupe, fundi yuko kazini: mti mbichi, kiungo kisichokaa vema, na mteja atakaye mpingo uwe unyoya. Hapo ndipo pa kuikamata. Ikifika barazani, imekwisha ota mvi."

Kesho yake Sultani akaenda, akaketi juu ya maranda, akapewa ubao mmoja aulainishe. Mpaka alasiri ubao ulikuwa na mawimbi, na viganja vyake vina malengelenge. Jioni hiyo akaifuta sheria, akampa Vuai joho na ghala la mvule mkavu.

Ama Waziri Shomvi, kila alipopita sokoni, watu walisimama kwa heshima, wakamwuliza, "Habari za huko, Bwana Waziri?"