Koki ya Fundi Fungulia

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kwamba anayekirukia kitu kizuri kabla ya wakati wake hukiharibu, akabaki kulamba vidole vitupu. Palikuwa na fundi bomba mmoja aliyefundishwa methali hii shuleni, akaiacha hukohuko shuleni.

Watu walimwita Fungulia. Akishaunga bomba alipaza sauti, "Fungulia!" kisha akajifungulia mwenyewe, koki kuu yote kwa mkupuo mmoja, kwani hakuna alichokipenda kama mlio wa maji yanayorudi. Mwezi mmoja nyuma alifanya hivyo nyumbani kwa daktari wa moyo, ambako mabomba yalikuwa yamekaa makavu siku tatu. Maji yaliingia kwa kishindo, yakaisukuma hewa, kiungo cha juu kikaachia, na dari ya jikoni ikashukia sufuria. Fungulia alitimua mbio, hata spana yake akaisahau.

Asubuhi moja, akiwa juu ya ngazi kazini, kifua kilimbana akashindwa kupumua. Mkewe alimfikisha hospitali ametota jasho. Akalazwa mezani, akachomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono, na waya mwembamba ukapitishwa mshipani kuelekea moyoni. Hakulazwa usingizi, hivyo aliisikia vizuri sauti iliyotoka nyuma ya barakoa.

"Fundi, spana yako bado iko kwangu."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Fungulia alifumba macho akatubu kimyakimya, na dhambi ya kwanza kuitaja ilikuwa dari.

"Mshipa wa moyo umeziba," daktari alimweleza. "Napitisha kipira kidogo cha kutanua njia. Tulia."

Njia ilipotanuka, Fungulia alihisi kifua kimelegea. Utamu ulioje! Mara daktari akamwambia muuguzi, "Ziba." Kifua kikabana tena. "Fungua." Kikalegea. "Ziba."

"Jamani, Sista!" Fungulia alipiga kelele. "Ananilipizia dari! Mwambie afungulie yote!"

"Usitikisike, Fundi."

"Daktari, dada yangu, dari nitaijenga kwa mikono yangu miwili. Nina watoto mimi. Nihurumie, fungulia!"

Muuguzi aling'ata mdomo asicheke. Daktari hakucheka, maana uhai wa mtu ulikuwa kwenye vidole vyake.

"Sikiliza. Msuli wa moyo wako umekaa na njaa ya damu tangu asubuhi. Damu ikiurudia yote kwa ghafla, inaweza kuujeruhi, damu hiyohiyo uliyokuwa ukiililia. Wenzangu wengi hufungua moja kwa moja. Mimi leo naachia kidogo, naziba, naachia tena, ili uzoee. Hebu niambie wewe, bomba lililokauka linafunguliwaje?"

Swali lile lilimchoma kuliko sindano.

"Robo robo," alinong'ona. "Hewa itoke kwanza."

"Kumbe unajua!"

"Najua, Daktari. Kufanya ndiyo sijawahi."

"Ziba," daktari alisema, na safari hii Fungulia aliuma meno, akahesabu naye. Ilikuwa mara nne. Mara ya mwisho njia ilifunguliwa ikabaki wazi, na machozi yakamtoka kwa furaha ya kuwa hai.

Wiki kadhaa baadaye, aliporuhusiwa kazi nyepesi, alirudi kwenye jiko lile la daktari kutimiza ahadi yake ya dari, na bomba lake. Mkewe alisimama mlangoni kumchunga asinyanyue kizito. Alikuwa ndiyo kwanza amekaza kiungo cha mwisho waliposikia ukelele kutoka bafuni. Daktari alikuwa amejipaka sabuni uso mzima kabla ya kukumbuka kwamba maji yamefungwa.

"Fundi! Nimechelewa kazini, na sabuni imeniingia machoni! Fungulia!"

Fungulia aliweka mkono mmoja kifuani, wa pili kwenye koki. Akazungusha robo. Bomba likakohoa, likatema hewa.

"Fungulia yote, Fundi, nihurumie!"

"Usitikisike, Daktari," alijibu kwa upole. "Naziba kidogo."

Mkewe alicheka mpaka akaketi sakafuni. Maji yalifika taratibu, dari ikabaki juu mahali pake, na huko bafuni daktari alinawa macho huku naye akiangua kicheko. Tamu huliwa na anayeisubiri. Mwenye pupa, hata awe daktari, hadiriki kula tamu.