Kasha la Kadi za Mama Tshibola

Wengi wakisikia kuwa akiba haiozi, fikra zao hukimbilia ghala la mahindi. Waliokuwapo Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, mwaka 1993 hukumbuka kasha la mbao lililojaa kadi.

Mama Tshibola alikuwa karani katika hospitali ya mgodi. Kila majeruhi alimwandikia kadi yenye namba tatu: ya chombo alichopanda, ya kilichomgonga, na ya kiungo kilichoumia. Baada ya siku kadhaa aliulizia habari zake, akaandika mwisho: amepona au amekufa, na jinsi alivyokufa. Mwenzake Kalenga, mvivu kupindukia, aliandika "ajali" kisha akaenda zake kunywa chai.

"Mama, hii manamba yote ni ya nini?" alimtania. "Mutu, kama balimugonga, balimugonga tu."

"Hapana, tata. Mutu wa mobileti, kama kamiyo inamugonga, iko na kidonda ya kwake." Alimaanisha kwamba mwenye pikipiki ndogo akigongwa na lori huumia kwa namna yake.

Mwaka huo chuki ikawaka. Mgodi ulikuwa unakufa, na lawama zote zikaangushiwa watu wenye asili ya mkoa wa Kasai. Hata waliozaliwa Kolwezi, kama Mama Tshibola, waliambiwa warudi "kwao". Vijana walimtoa nyumbani mchana kweupe, na aliyerusha sufuria zake nje alikuwa jirani yake, Mwenze. Mama yule akajitwika furushi, lakini kabla ya kwenda stesheni, ambako waliofukuzwa walisubiri treni kwa majuma, akapita hospitalini, akaketi, akajaza kadi tatu zilizobaki.

"Chunga hii, Kalenga," alisema akimpa ufunguo wa kasha. "Si yangu, ni ya bagonjwa."

Kalenga aliona haya hadi machozi yakamlengalenga.

Wiki mbili baadaye Mwenze mwenyewe akaletwa. Lori la madini lilikuwa limeigonga mobileti yake njia ya Musonoi. Alikuwa na michubuko tu, akang'ang'ania kwenda nyumbani, na daktari alikuwa tayari kumruhusu. Kalenga, akitafuta namba za kuandika, alifungua kasha na kutoa kadi zote za ajali ya namna ile. Zilikuwa ishirini na sita. Alizisoma moja baada ya nyingine. Watu tisa walikuwa wametoka hospitalini kwa miguu yao, na kesho yake wakarudishwa maiti. Usukani uliwapiga tumboni, bandama ikavuja damu ndani kwa ndani.

"Dokta, soma hizi kwanza. Usimuache huyu aende!"

Daktari alisoma, akavua miwani, akaagiza kitanda. Mwenze akalazwa kwa nguvu. Kesho yake asubuhi tumbo likavimba, jasho jembamba likamtoka. Akapasuliwa papo hapo, akapona.

Alipozinduka akauliza ni nani aliyejua.

"Mama Tshibola," Kalenga alimjibu. "Ule mulifukuza."

Mwenze alilia kwa sauti, bila kumjali aliyemwona. Akamtuma mkewe, Bilonda, mbio stesheni kumwomba mama yule msamaha. Bilonda akarudi peke yake. Treni ilikuwa imeondoka juzi.

Kalenga akachukua kadi mpya. Akaandika namba zote tatu, moja moja, kwa mwandiko safi kuliko alivyowahi kuandika maishani, na mwisho akaandika: amepona. Akairudisha mahali pake kashani.

Kweli, hata aliyeiweka akifukuzwa, akiba haiozi.