Jeneza la Balozi wa Ranzi

Katika zama ambazo majini walikuwa bado wakiitikia salamu, Sultani Fakhrudini bin Jabali alitawala mji wa Ranzi, na ng'ambo ya milima palikuwa na mji wa Duhani, na kati ya miji hiyo miwili hapakuwa na njia ila moja, nayo ni bonde jembamba lenye kuta za mawe zilizosimama wima, watu wakaliita Koo. Chumvi yote ya bara ilipita hapo, na chuma, na vitambaa vya bafta, na habari, na posa. Aliyeshika Koo alishika shingo za watu wengi, na wafalme wa mbali ambao hawajapata kulitia machoni walikuwa wakiliota.

Koo lilikuwa na mlinzi wake, jini aitwaye Ghashamu, ambaye mabega yake ndiyo yaliyozizuia kuta zile zisikutane. Hakufungwa kwa pete wala kwa hirizi, alifungwa kwa ahadi. Hapo kale wazee wa Ranzi na wazee wa Duhani walipigana mpaka wakachoka kuzikana, wakapatana mbele ya jini huyo kwamba tangu siku ile wao ni watani: mtu wa huku atamtukana wa kule, naye atatukanwa, na hakuna kununa. Akifa mmoja, mtani wake atakuja msibani, ataiga mwendo wa marehemu, ataingia kaburini alale, na atasema maiti hazikwi mpaka apewe kuku wake. Ghashamu akasema, "Nimesikia. Mkikaa hivyo nitazitenga kuta. Mkikasirikiana kwa utani, nami nitapumzisha mabega. Ila jeneza halizuiwi njia, hata siku ya vita."

Balozi wa Ranzi kule Duhani alikuwa Saburi bin Kheri, mtu mzima mwenye kitambi na ulimi mwepesi. Marehemu mkewe alikuwa wa Duhani na alizikwa huko, na binti yake wa pekee, Mwanakheri, ameolewa huko huko na fundi wa matandiko ya ngamia. Ukimuuliza Saburi kwao ni wapi, alijibu, "Mimi kwetu Kooni, maana nusu yangu iko huku na nusu iko kule."

Ikawa Sultani Shali wa Duhani akafariki dunia, na mwanawe Idarusi akarejea kutoka visiwani kwa wajomba zake, alikopelekwa angali mdogo, akawahi mazishi. Kijana huyo alikuwa hodari wa upanga, mjuzi wa falaki, fasaha wa kusema, lakini utani hakuujua, na hakuna aliyemweleza, kwa kuwa jambo linalojulikana na kila mtu halina wa kulisimulia. Saburi naye, aliyekuwa rafiki wa marehemu wa kula sahani moja, akaja akilia machozi ya kweli, akatumbukia kaburini, akajinyoosha, akapaza sauti:

"Rudisheni maiti yenu nyumbani! Shali alikuwa mchoyo maisha yake yote, na leo ataka kuninyima hata shimo! Sitoki mpaka nipewe kuku, tena awe mnene, si kama yale mafupa aliyokuwa akinilisha!"

Watu wa Duhani wakacheka huku wakipangusa machozi, na vifua vikaanza kuwa vyepesi. Idarusi akabadilika rangi. Akaamuru askari wamtoe mtu yule, wakamburura, kilemba chake kikaanguka matopeni. Nani atathubutu kumsahihisha sultani mbele ya maiti ya baba yake? Kila mtu akatazama miguu yake, na Shali akazikwa kimyakimya.

Hapo tena fitina ikapata miguu. Fakhrudini aliposikia kilemba cha balozi wake kimelala matopeni, aliufunga mlango wa Ranzi kwa misafara ya Duhani. Idarusi akaukamata msafara wa chumvi. Fakhrudini akairudisha ngoma aliyopewa zawadi na marehemu Shali, imepasuliwa. Idarusi akamrudisha mjumbe wa suluhu amenyolewa ndevu upande mmoja. Na kila jibu lilipotoka, Ghashamu alilegeza mabega: ngamia wawili hawakuweza tena kupishana, kisha ngamia mwenye shehena hakupita, kisha hata punda, mpaka mtu mnene ikambidi apite kiubavuubavu akivuta pumzi. Wafalme wa mbali wakatuma wajumbe kuomba pande zote mbili zistahimili, na hao hao wakatuma mikuki kwa siri pande zote mbili. Majeshi yakapiga kambi, hili mdomo wa huku, hili mdomo wa kule, na chumvi ikawa ya kulambwa kidoleni.

Saburi, aliyefukuzwa akarudi Ranzi, hakula akashiba. Mwanakheri alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na Idarusi ametangaza kwamba Saburi akikanyaga Duhani akiwa hai, kichwa chake si chake. Mishale ikianza kuruka, mkwewe atasimama upande mmoja na wapwa zake Saburi upande wa pili, na Koo likifunga, hatamwona binti yake tena wala hatambeba mjukuu. Alijilaumu usiku na mchana, ingawa hakufanya kosa.

Siku moja asubuhi akaenda Kooni peke yake, akabisha jiwe kwa fimbo.

"Ewe Ghashamu, bwana wa mabega, nina neno nawe."

"Sema, bwana kitambi," likajibu jiwe. "Nimechoka kusimama na nimechoka kuwasikia."

"Jeneza halizuiwi njia. Nataka kupita ndani ya jeneza."

"Mimi sifanyiwi hila," akasema jini. "Mwenye kupita kwa jeneza ni maiti. Ukilala humo utakufa kweli, ila masikio nitakuachia. Roho yako, kwa idhini ya Mola, nitaishika kiganjani kama mtu ashikavyo kifaranga, na nitaiachia iwapo yule mtani aliyekukasirikia atakutoa kaburini kwa mkono wake mwenyewe, kwa utani, asiambiwe na mtu kwamba roho yako iko mkononi mwangu. Wakikufukia kabla ya hapo, basi tena."

Saburi akakaa kitako. Akamwaza Idarusi, uso ule mkavu, akatikisa kichwa, maana angeweza kumtegemea punda apige zumari kuliko kijana yule afanye mzaha. Kisha akamwaza Mwanakheri, akainuka.

Alikwenda kuagana na sultani wake, akainama, akasema, "Maulana, mwenye enzi na hisani, mtumwa wako anaomba idhini ya kufa, na anausia azikwe Duhani ubavuni mwa mkewe. Naomba jeneza langu lisifuatwe na panga hata moja."

Fakhrudini akamkodolea macho. "Saburi, una homa?"

"Sina homa, Maulana. Nina binti."

Fakhrudini, ambaye ukaidi wake ulikuwa mwingi lakini moyo wake haukuwa wa jiwe, akalia, akampa idhini.

Basi Saburi akalala jenezani, na pumzi ikamtoka mara moja. Akaisikia dunia kwa mbali. Akazisikia kuta zikinguruma na kumpisha, nyayo za wachukuzi, na walinzi wa Duhani wakiulizana, "Nani huyo?" "Saburi." "Saburi yupi?" "Kwani kuna Saburi wangapi?" Kisha upinde ukaanguka chini.

Wakampitisha kwanza mlangoni kwa binti yake. "Baba," Mwanakheri akasema, "nilikungoja uje, lakini si hivi. Baba, si hivi!" Saburi alimsikia kila neno asiweze kumjibu hata kwa kope, na hapo ndipo alipoijutia biashara yake na jini. Angalikuwa na mdomo angaliomba atolewe.

Akaswaliwa, akapelekwa makaburini, akateremshwa shimoni. Sultani Idarusi akaja mwenyewe na walinzi wake, kwa sababu aliapa kuhakikisha kwa macho. Waliomtangulia walikuwa Amiri Tamimu, jemadari wa wapiga mishale, jitu la mtu, pamoja na askari wake. Tamimu alijizuia, akauma midomo, akatazama mbinguni, wapi! Mila ikamzidi nguvu. Akakiokota kile kilemba cha Saburi kilichokuwa juu ya jeneza, akajivika, akatoa tumbo mbele, akaanza kutembea huku na huko akihema, "Haya, haya, mlango huu umekuwa mwembamba au mimi nimenenepa?" Askari wakaangua kicheko, na machozi yakawatoka. Mwingine akapiga kelele, "Msimfukie! Aliahidi kunioza mpwa wake, ataka kukimbia!" Mwingine, "Shimo halitoshi! Chimbeni la kitambi kando!"

Wachimbaji, waliokuwa na haraka ya kurudi kwao, wakatupa udongo wa kwanza, ukamwangukia Saburi miguuni.

"Amiri," Idarusi akasema, "unamlilia adui yangu au unamcheka?"

Tamimu akavua kilemba. "Vyote viwili, Maulana. Huyu ni mtani wetu."

"Mtani ndiyo nini?"

Watu wakatazamana. Udongo wa pili ukamfika Saburi magotini.

"Maulana," Tamimu akasema polepole, kwa kuwa hajapata kuulizwa swali hilo maishani, "siku ya msiba ndugu zako wote wanalia tu. Lazima awepo mmoja wa kukuchekesha, usije ukamfuata maiti wako. Huyo ndiye mtani. Anaingia kaburini, anamtukana marehemu, anaiga mwendo wake, na tunampa kuku. Asiyependwa hafanyiwi hivyo. Asiyependwa huzikwa kimya."

Idarusi akalitazama shimo. Udongo ukamfika Saburi kifuani.

"Baba yangu alizikwa kimya," akasema.

"Ndiyo, Maulana."

"Nanyi nyote mlijua, msiniambie?"

"Tulidhani wajua. Nani asiyejua utani?"

Uso mkavu wa kijana yule ukafanya mikunjo. "Acheni koleo!" akasema. Akavua joho, akaruka shimoni na viatu vyake vya zari, akaupangua udongo kwa viganja, akasimama juu ya maiti asijue aanzie wapi, kwa kuwa mzaha una ufundi wake naye hakufundishwa. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma khutba:

"Ewe Saburi bin Kheri! Ulilala katika kaburi la baba yangu, na sasa unalitaka na hili? Una uroho wa makaburi! Hili nalitaka mimi! Toka!"

Akamshika mkono, akamvuta.

Kule Kooni Ghashamu akafungua kiganja. Saburi akapiga chafya, vumbi likamtoka puani, akaketi kitako, akasema, "Kuku wangu yuko wapi?"

Lahaula! Watu wakatimua mbio, na wa kwanza kukimbia alikuwa Amiri Tamimu. Idarusi peke yake hakukimbia, maana miguu ilikataa, naye alikuwa bado ameushika ule mkono. Wakatazamana shimoni humo, na milimani pakasikika mngurumo wa kuta zikirudi nyuma, Koo likawa pana kupita zamani.

Saburi akamweleza yote, na Idarusi akampa kuku, tena mnene. Majeshi yakavunja kambi. Masultani wawili wakakutana katikati ya Koo, wakatukanana tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakala pamoja, wakaweka sharti kwamba hakuna atakayekalia kiti cha enzi upande wowote mpaka atukanwe na watani siku nzima asinune. Mwanakheri akajifungua mtoto wa kike, na babu yake akambeba mpaka akakatazwa. Idarusi akamwoa Lulua binti Fakhrudini, na siku ya harusi watu wa Ranzi wakamzuilia bibi arusi mlangoni mpaka bwana arusi akaimba, naye sauti hana. Misafara ikapita minne kwa minne, na miji yote miwili ikatajirika. Na funzo ni hili: mila yenu mwelezeni mgeni, hata kama ni mwanenu, msije mkamwachia aijue kwa vita.

Ila limebaki jambo moja, nami silifichi. Harusi ilipokwisha, Idarusi alimchukua Saburi mpaka kwenye kaburi la Sultani Shali, wao wawili tu, akamwambia, "Baba Saburi, niliondolewa hapa mdogo. Sura yake naikumbuka kidogo, lakini mwendo wake siujui. Siku ile nilikutoa hujauiga."

Saburi akajifunga shuka, akaweka mkono mmoja mgongoni, akaanza kutembea akiuburuta kidogo mguu wa kushoto, akikohoa, akisimama kuwafokea mbuzi wasiokuwepo, kisha akiwaomba radhi. Idarusi akacheka. Akacheka mpaka akaketi chini kando ya kaburi, na hapo kicheko kikageuka, akamlilia baba yake kwa mara ya kwanza.

Saburi akasita.

"Usisimame," akasema sultani. "Tembea tena."