Tozo ya Moshi na Moto wa Nungunungu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kazi zao, Nungunungu alikuwa fundi wa magari. Alifua magurudumu ya chuma kwa moto wa mkaa aliorithi kwa marehemu baba yake. Kwa wahunzi wa kwao, moto hauwashwi upya. Hupokewa kwa mzazi, hulishwa kila siku, na ukihamishwa hubebwa makaa kwa makaa.

Aliyeyauza magari hayo ng'ambo ya mto ni mpwa wake Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa ulimi.

Siku moja Tembo, mkubwa wa soko la ng'ambo, akatangaza tozo. Kila gari likivuka lilipiwe moshi uliotoka wakati wa kuliunda: moshi mwingi, magunia mengi ya mtama, moshi kidogo, magunia machache. Alisema wajukuu zake wanakohoa, na kweli walikuwa wakikohoa.

Nungunungu hakubisha. Aliomba misimu miwili tu, ajenge tanuri la udongo lenye moshi kidogo, auhamishie humo moto wa baba yake. Nguchiro akaona huko ni kuchelewa. Akavuka mto, akamwapia Tembo kwamba magari yale hufuliwa kwa jua. Tembo akamtuma Kifaru akahakikishe.

Kifaru alipokaribia, Nungunungu alikuwa bondeni akichimba udongo wa tanuri. Nguchiro akabeba mtungi wa maji, akaumwagia moto. Chwaaa! Akatandika mkeka juu ya majivu, akatawanya mrehani.

Kifaru akanusa huku, akanusa kule. Fff! Fff!

"Pananukia vizuri hapa," akasema, akagonga muhuri. Magari kumi yakavuka bure.

Nungunungu akarudi na udongo kichwani, akafunua mkeka. Maskini, alichokora majivu yale mpaka jua likazama, akitafuta hata kaa moja lililo hai.

Siku mbili baadaye Nguchiro akaja mbio. "Mjomba, wanataka mengine thelathini!"

"Moto wa baba uko wapi, mpwa wangu?"

"Nitakuletea mwingine."

"Wa nani?"

Baba hakuwapo tena wa kumpa mwingine. Udongo wa tanuri ukakauka kando yao, na ng'ambo ya mto hakuna gari la Nungunungu lililovuka tena.

Basi wanangu, Nguchiro alimdanganya Kifaru, lakini aliyelipa ni yule aliyekuwa tayari kujirekebisha.